Bogenvilia ya vijiti: majani yasikudanganye

Jirani yangu hapa Rau, Moshi, alinigongea juzi kashika ndoo ya vijiti vya bogenvilia vilivyooza. Mara ya tatu hiyo. Nikamwelekeza hivi.

1. Kukata. Tawi lililokomaa, la kahawia, unene wa penseli. La kijani litaoza. Urefu sentimita 20 hivi, macho (vifundo vinavyochipua) manne au matano. Chini kata mshazari, juu kata bapa, usije ukachomeka kichwa chini miguu juu. Tumia mkasi wa kupogolea wenye makali. Panga liache kwa migomba, linaponda gome. Pukutisha majani yote.

2. Viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche. Mchanga wa mto nusu, udongo nusu. Samadi hapana! Najua huku hatupandi kitu bila samadi, lakini kijiti hakijapata mdomo wa kuilia.

3. Kuchomeka. Macho mawili yazame, shindilia, mwagilia, weka kivulini.

4. Kungoja. Hapa ndipo nilipopoteza viriba 40 mwaka jana. Wiki ya tatu vilichipua majani mazuri, nikavihamishia kwenye ua kwa furaha. Siku ya nne vyote vimesinyaa. Nikang'oa kimoja: chini kulikuwa na mkato uleule nilioukata, hakuna hata unywele wa mzizi. Kumbe majani yale yalikuwa yanakula akiba iliyomo kwenye kijiti chenyewe, huku yakipoteza maji ambayo hakuna mzizi wa kuyarudisha. Tangu hapo nachungulia matundu ya chini ya kiriba tu, mpaka nione mizizi myeupe. Wala usivute kijiti kujaribu kama kimeshika; mizizi ya bogenvilia hukatika kama uzi. Hesabu miezi miwili, na kwenye baridi ya Juni na Julai hata mitatu. Kuhusu maji, ingiza kidole: kikitoka kikavu, mwagilia; kikitoka na tope, acha. Jirani alikuwa anamwagilia asubuhi na jioni, na manyunyu juu yake. Unga wa kuotesha mizizi upo maduka ya pembejeo, unasaidia.

5. Kuhamisha. Mvua zikianza. Chana kiriba, usichomoe mche.

Akauliza, na masale, ule mmea wa mipakani, je? Masale chomeka tu pale mpakani, uende zako.