Ukirudia jahazi lako dogo la mbao
Kama jahazi lako la kuunda limekaa kabatini miaka kadhaa na hamu imekurudia, kagua gundi kwanza. Gundi nyeupe ikishaganda mabonge au kuvuta nyuzi, itupe. Kisha loweka ubao wa ubavuni kwenye maji ya moto robo saa hivi, uukunje taratibu kufuata mataruma (mbavu za ndani za jahazi), ubane kwa vibanio vya nguo, ulale hivyo hadi asubuhi ndipo upake gundi. Ubao uliolowa hunywea ukikauka, ukaacha mianya. Pale omo, yaani mbele ya jahazi, mkunjo ulipo mkali, punguza upana wa ncha kwa msasa. Na tafadhali, bandika ubao mmoja kulia, mmoja kushoto. Ukimaliza ubavu mmoja kwanza, mkuku (uti wa chini wa jahazi) utapinda, na kuunyoosha ni kazi kubwa mno.