Kabla ya kuweka sampuli kwenye tripsini iliyopachikwa

Tripsini, kimeng'enya kinachokata protini kuwa peptidi (vipande vifupi), ikipachikwa kwenye shanga za agarosi au za sumaku inaweza kumaliza ndani ya saa moja, wakati mwingine dakika chache, kazi ambayo tripsini huru huachiwa usiku kucha kwenye nyuzijoto 37. Molekuli zake zimeshikiliwa mahali pamoja, hazikatani kirahisi zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo unaweza kutumia kimeng'enya kingi bila spektra (chati ya uzito wa peptidi inayotolewa na spektrometa ya masi) kujaa vipande vyake. Ila protini iliyojikunja bado itapita kando ya shanga ikiwa nzima.

Ndiyo maana nasisitiza kuikunjua kwanza. Ukitumia yurea ya molari 8, usiipashe moto kupita nyuzi 37: ikianza kuvunjika hupachika daltoni 43 za ziada (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) kwenye lisini, mojawapo ya asidi amino, na tripsini haikati tena hapo. Vunja madaraja ya salfa kwa ditiothreitoli, ziba sisteini (asidi amino yenye salfa) kwa iodoasetamidi gizani, kisha zimua mpaka yurea ishuke chini ya molari 2. Mimi hushuka hadi 1. Ukitumia SDS, ambayo ni sabuni ya kukunjua protini, iondoe kabisa, maana itazima ishara ya peptidi kwenye spektrometa. Bufa (mmumunyo unaodumisha pH) ya amonia bikaboneti iwe imetengenezwa siku hiyohiyo, na pH yake ikaribie 8.

Shanga zenyewe hukaa kwenye friji, kamwe si kwenye friza. Zikitulia, utaona tabaka la shanga chini na maji maangavu juu. Pindua chupa taratibu mpaka vyote viwe rangi moja, kata kidogo ncha ya pipeti, ndipo uvute. Ncha nyembamba hunyonya maji na kuziacha shanga. Zioshe mara tatu kwa bufa ili kuondoa kimiminika cha kuhifadhia. Andaa pia kizungushio, kwa sababu shanga zilizolala chini hazimeng'enyi vizuri.

Tenga tyubu moja ya shanga na bufa tu. Tripsini ya nguruwe ikivuja, kilele cha 842.51 kwenye spektra, ambacho ni kipande cha tripsini yenyewe, kitakuonyesha. Tyubu nyingine iwe na albumini ya ng'ombe, upime umeng'enyaji kwa protini unayoijua.

Mwisho, weka karibu asidi ya fomiki na asetonitrili. Peptidi zisizopenda maji hung'ang'ania shanga, kwa hiyo suuza mara moja kwa bufa yenye asetonitrili kidogo, changanya na kimiminika ulichokwisha kuvuta baada ya umeng'enyaji, kisha tia asidi.