Fushimi Inari: masharti ninayowapa wageni wangu

Wageni wanaonijia Osaka kutoka Tanga wote hutaka picha ileile: malango mekundu yaliyofuatana mpaka macho yakome. Nawapeleka, ila kwa masharti yangu.

La kwanza, alfajiri. Hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, halifungwi usiku wala mchana, na halina kiingilio. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi njia ni yako. Ikifika saa nne, ni bega kwa bega. Kutoka stesheni ya Kyoto panda treni ya JR, kampuni ya reli, ya njia ya Nara, ile inayosimama kila kituo, maana ile ya haraka itakupitiliza. Kituo cha pili ni Inari. Ukitoka tu, lango la kwanza liko ng'ambo ya barabara.

Kabla ya kulipita, inama kidogo, kisha tembea pembeni. Katikati huachiwa mungu. Mbele utaliona lango la ghorofa la mwaka 1589, ambalo Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, alilitoa baada ya kumwombea mama yake apone. Sanamu moja ya mbweha hapo imeuma ufunguo wa ghala la mpunga. Inari ni mungu wa mpunga na biashara. Mbweha ni matarishi wake tu, si yeye.

Penye birika chota maji kwa kata mara moja, yatoshe yote: nawa mkono wa kushoto, badili, nawa wa kulia, mimina kidogo kwenye kiganja cha kushoto usukutue, nawa tena wa kushoto, kisha isimamishe kata wima ili maji yaliyobaki yaoshe mpini. Mdomo usiguse kata, na maji uyateme pembeni, si birikani. Aliyezoea udhu hapati taabu hapa, bora aache kurudia mara tatutatu.

Kwenye jumba kuu, lililojengwa upya mwaka 1499 baada ya lile la awali kuungua vitani, wenyewe hutupa sarafu, hutikisa kengele, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huomba, kisha huinama mara moja. Wageni wangu wengi ni Waislamu na huniuliza kama ni lazima. Si lazima, na hakuna atakayekuuliza dini yako. Simama kando, nyamaza, usimzibe anayeomba, na ndani ya jumba usipige picha.

Malango yanaanzia nyuma. Njia ikigawanyika mbili, shika ya kulia. Ukipanda, nguzo zinaonekana tupu. Geuka nyuma ndipo uone maandishi meusi: jina la aliyelitoa lango, na tarehe. Ni makampuni na watu binafsi, wanaoshukuru au wanaoomba riziki, kwa laki kadhaa za yeni. Mbao huoza kwa unyevu wa msitu na lango jipya huchukua nafasi, ndiyo maana utakuta rangi mbichi jirani na iliyopauka.

Mbele kidogo pana mawe ya kubashiri. Weka nia, kadiria uzito, nyanyua. Likiwa jepesi kuliko ulivyodhani, jambo lako litakuwa. Mimi huwashauri wakadirie tani nzima.

Wengi hugeuzia hapo, na hilo ndilo sharti langu la pili: hatugeuzi. Dakika 30 hadi 45 za ngazi zinakufikisha Yotsutsuji, njia panda unakouona mji chini yako. Kilele, mita 233, kimezibwa na miti. Mwenye magoti mabovu aishie Yotsutsuji, hajapoteza kitu. Mzunguko mzima ni kama kilomita 4, saa mbili hadi tatu. Maji nunua chini, maana bei kwenye mashine za kuuzia vinywaji hupanda pamoja nawe.

Ukishuka maduka yatakuwa yamefunguliwa. Kula inarizushi, wali wa siki ndani ya kifuko cha tofu ya kukaanga, ambayo husemwa mbweha wanaipenda. Asiyetumia kilevi aulize kwanza kama kuna mirini, divai tamu ya mchele ya kupikia. Tofu hiyo mara nyingi huchemshwa nayo.