Jinsi ya kuona tope la Rufiji likishikana

Masika, mto Rufiji ukiwa rangi ya chai ya maziwa, mie huchota maji sehemu ya juu ya mto, kusikofika chumvi ya bahari. Jaza chupa mbili za nusu lita. Moja iache, nyingine tia kijiko cha chai cha chumvi, uigeuze taratibu. Usiitikise kwa nguvu, mabonge yatavunjika.

Chembe za udongo wa mfinyanzi zote zina chaji hasi ya umeme, ndiyo maana husukumana. Chumvi hupunguza msukumo huo, zikigusana, zinanatana. Isogeze chupa dirishani: utaona vinyuzi kama pamba vikishuka, juu maji yakianza kung'aa. Ile isiyotiwa chumvi hubaki na ukungu hadi kesho. Deltani, mto unapokutana na chumvi ya bahari, tope linalotua hivyo ndilo mikoko inamoota.