Uwezo ukitoka kapa: namna ya kuamua mezani kwenye michezo ya dadu

Jumamosi jioni barazani kwetu Sinza tunacheza michezo ya dadu, watu sita hadi wanane, na mimi ndiye ninayeshika kanuni. Ubishi unaojirudia kuliko wote ni huu: mtu anatumia uwezo, yaani nguvu aliyopewa na kadi au kanuni, ambao haubadilishi chochote, mmoja anasema "haihesabiki", mwingine anasema "ameshatumia". Zamani niliamua kwa kubahatisha, na watu waliondoka wamenuna. Siku hizi nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Tenganisha kutumia na kufanya kazi.
Ukinunua kifurushi cha usiku halafu ukalala, kifurushi umeshanunua. Mezani ni vilevile. Uliza kwa mpangilio: je, ana ruhusa ya kuutumia sasa? Amelipa nini? Kimebadilika nini? Jibu la swali la tatu likiwa "hakuna", halifuti majibu mawili yaliyotangulia.

Hatua ya 2: Soma sharti kabla ya matokeo.
Kadi inayoanza na "ukishambuliwa" ina sharti. Kama hujashambuliwa, huna ruhusa, kadi inarudi mkononi. Kadi inayosema tu "ongeza afya 1" haina sharti, kwa hiyo unaweza kuitumia hata afya yako ikiwa imejaa. Itatoka kapa, ila umeitumia.

Angalia pia kilichozuiwa ni kipi hasa. Kwenye King of Tokyo, mchezo wa majitu yanayogombea mji wa Tokyo, unarusha dadu sita, hadi mara tatu kwa zamu, na jitu lililoko ndani ya Tokyo haliponi kwa mioyo ya dadu. Wiki iliyopita dada mmoja alikuwa humo na afya 3. Mrusho wa pili ukampa mioyo minne, kucha moja (yaani pigo moja) na radi moja. Akaikusanya ile mioyo pembeni, vidole juu yake, kama mtu aliyeokota pesa. Nikamwambia, "Dada, humo ndani hiyo haikuponyi, na bado una mrusho mmoja." Akarusha zile nne upya, zikaja kucha mbili zaidi, na kwa kuwa yuko Tokyo, wote waliokuwa nje wakapigwa tatu tatu. Mtu akauliza: basi na kadi za kuponya nazo zimezuiwa? La. Katazo ni la mioyo ya dadu, kadi inaponya kama kawaida. Wengi hukosea hapo.

Hatua ya 3: Gharama hairudi.
Kwenye toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika unaoongozwa na msimamizi, kitabu cha nyongeza cha 2017 kimeliweka wazi: ukielekeza uchawi kwa asiyeweza kuathirika nao, hakuna kinachompata, lakini nafasi ya uchawi uliyotumia (akiba yako ya kuroga, ambayo ina idadi) imekwenda. Tena kuna jambo zuri zaidi. Kama ni uchawi ambao mlengwa huuepuka kabisa akishinda mrusho wake wa kujiokoa, yaani dadu analorusha ili kuukwepa, huyo asiyeathirika huonekana kana kwamba ameshinda mrusho huo. Tuseme unamroga mtu kwa uchawi unaowashika binadamu tu, kumbe ni mnyonya damu aliyejificha. Msimamizi akisema "huyo hashikiki", siri imevuja bure. Ndiyo maana naiheshimu sana kanuni hii.

Hatua ya 4: Tazama kama kuna kitu kinachohesabu matumizi.
Hapa ndipo penye moto. Tuna mchezo wa kujitungia wenyewe, dadu mbili na kadi za kuandika kwa mkono. Kadi ya Ngao ilisema: "Puuza pigo moja zamu hii." Kadi ya Mkoba inasema: "Kila ukitumia kadi, pata alama 1." Kijana mmoja mwenye Mkoba akatupa Ngao bila yeyote kumgusa, akadai alama yake. Kelele zikafika hadi kwa jirani. Nikampa alama. Ngao haikuwa na sharti, na yeye alilipa: kadi ilitoka mkononi, na zamu iliyofuata alipigwa mara mbili hana kinga. Mchezo ulipokwisha ndipo nilipochukua kalamu nikaandika mwanzoni mwa ile kadi "Ukipigwa". Usirekebishe kadi katikati ya mchezo, hata meza nzima ikikusihi.

Hatua ya 5: Jua pale ambapo si hiari.
Kwenye backgammon, mchezo wa kusogeza kete kwa dadu mbili, dadu zote mbili ukiweza kuzicheza, ni lazima. Ikiwezekana yoyote kati ya mbili lakini si zote, unacheza kubwa. Kete iliyopigwa ikikosa pa kuingilia, zamu imepita. Kwenye Yahtzee, mchezo wa kukusanya alama kwa dadu, mirusho mitatu ikiisha bila cha maana unaandika sifuri mahali fulani kwenye karatasi ya alama, upende usipende. Ludo kila mtaa una yake, kubalianeni kabla ya dadu la kwanza.

Hatua ya 6: Tangaza kabla ya kurusha.
"Natumia Ngao, naitupa." Dadu likishatoka mkononi, imetoka. Kwa mgeni huwa naongeza swali moja kabla hajarusha: "Kaka, hiyo haitakupa kitu, bado unaitaka?" Nauliza tu kama sababu iko wazi mezani kwa wote. Ikiwa ni siri, kama yule mnyonya damu, nanyamaza na kumwacha arushe.