Somo: Radiali za Hewani kwa Antena ya Wima ya Mita 20

Ukichimba Nakuru upande wa Menengai, jembe hugonga mawe mapema, na ule udongo wa volkeno ukikauka haupitishi umeme wa maana. Kuzika radiali hapo, yaani zile nyaya za chini zinazokamilisha antena ya wima, ni kujitesa. Ziinue. Radiali mbili zilizopimwa vizuri zinatosha kuanzia, ila za hewani hazisamehe urefu usio sawa kama zile za kuzikwa.

Anza na hesabu ya urefu kwa mita: 71.3 gawanya kwa masafa yako ya megahezi. Kwa 14.2, iliyo ndani ya bendi ya mita 20, unapata mita 5.02. Kata nyaya mbili za mita 5.2, hizi za shaba za kuwekea stima nyumbani, ili kuwe na cha kupunguza.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Simika nguzo ya mita 3, vuta nyaya pande mbili zinazotazamana, ncha uzifunge kwa kamba ya nailoni. Waya wa wima usubiri. Unga radiali moja kwenye kiini cha koaksia (kebo ya antena) na nyingine kwenye ganda lake, kama dipoli (antena ya nyaya mbili), kisha pima. SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na koaksia; 1.0 ni kulingana kabisa) ikiwa chini kabisa kwenye 13.8, nyaya ni ndefu. Punguza sentimita 3 huku, 3 kule, upime tena, mpaka ifike 14.2.

Sasa hamishia radiali zote mbili kwenye ganda. Kiini kipewe waya wa wima wa mita 5.2, uliofungwa kwenye mwanzi. Kuanzia hapa unakata wa wima tu. SWR ikigoma kushuka chini ya 1.4, usihangaike: antena ina omu 36 hivi, koaksia ina 50. Inamisha radiali kuelekea chini na pengo litapungua. Mimi naiamini 1.4 hiyo kuliko 1.0 ya nyaya chache zilizolazwa ardhini. Mara nyingi omu zilizoongezeka pale ni za udongo unaopashwa joto bure.

Chini tu ya kiungo cha antena na koaksia, zungusha koaksia mara 10 hivi kwenye pete ya feraiti (kauri ya sumaku) aina ya 31. Bila hiyo, ganda la nje linajifanya radiali ya tatu, tena isiyopimwa.

Ukiongeza radiali mbili ziwe nne, pima mkondo wa kila moja kwa nguvu ndogo. Ukipishana sana, kuna urefu uliokosewa au kuna bati karibu. Kusikiliza vinara vya 14.100 (vituo vinavyotuma ishara za kupimia usikivu) ni kuzuri, lakini anga hubadilika kabla hujamaliza kufunga waya.

Swali (Kisumu): Mwalimu, huku Kano udongo ni mweusi na unashika maji. Bado niinue?

Faida yako itakuwa ndogo kuliko yangu. Ukizika nyingi utafanya vizuri, mafuriko yasipokuharibia viungo. La muhimu kwako ni radi: chomoa koaksia mawingu ya jioni yakianza kujikusanya.

Swali (Kakamega): Paa la mabati laweza kuwa radiali?

Laweza, likiwa pana na mabati yameshikana kiumeme. Kutu na rangi kwenye maungio hukata njia, na kutu huleta kelele pia.

Swali (Njoro): Mita 3 ni salama kwa watoto?

Ncha za radiali ndizo zenye volti nyingi, na wati 100 zinaunguza ngozi. Ziwe mbali na miti wanayopanda. Na mtu asianike nguo hapo, hata kama waya unaonekana umevutwa vizuri.