Namna ya Kuomba na Kutoa Msaada wa Kwiri na Mifumo Mikongwe: Mwongozo kwa Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Iringa na Mafinga hadi Mbeya, Tukuyu na Vwawa, kuna vyama vya ushirika wa mazao, SACCOS, shule, zahanati na maduka ya pembejeo ambavyo bado vinategemea mifumo iliyoandikwa miaka mingi iliyopita na mtu ambaye sasa amehama, amestaafu au ameacha kazi hiyo kabisa. Fundi anayeurithi mfumo wa namna hiyo mara nyingi yuko peke yake ofisini, na kwiri (amri ya kuiuliza kanzidata, yaani hifadhi ya data ya mfumo) inapotoa majibu yasiyoeleweka wakati meneja anasubiri ripoti, msaada wa karibu zaidi ni fundi mwenzake aliye mji mwingine. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuomba msaada huo na namna ya kuutoa. Mifano yake ni ya MySQL, programu ya kanzidata, katika chama cha wakulima wa kahawa, ingawa mengi yanafaa pia kwa kanzidata nyingine.

Msimamo wangu ni kwamba kazi kubwa zaidi ni ya anayeomba. Anapaswa kulipunguza tatizo lake mpaka mtu ambaye hajawahi kuuona mfumo wake aweze kulizalisha upya kwenye kompyuta yake mwenyewe kwa dakika chache. Asipofanya hivyo, anayesaidia atakuwa anabahatisha, na jibu la kubahatisha likiingizwa kwenye kumbukumbu za malipo ya wakulima huumiza watu ambao hawakuwepo kwenye mazungumzo hayo.

Kuandaa tatizo

Anza na vitu vitatu: toleo la kanzidata, muundo wa majedwali yanayohusika na kwiri yenyewe. Toleo hupatikana kwa amri ya SELECT VERSION(), na muundo kwa SHOW CREATE TABLE ikifuatiwa na jina la jedwali. Vyote vitumwe kama maandishi yanayoweza kunakiliwa. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa dirisha katikati na nusu ya ujumbe wa kosa imekatika, inamlazimisha mwenzako kuchapa upya kila herufi, na hapo ndipo makosa mapya yanapozaliwa.

Kisha andaa data ya mfano. Usitume kamwe data halisi ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda majina, namba za simu na taarifa nyingine za watu hao, na hata kama sheria isingekuwepo, mkulima wa Mbozi hakuleta kahawa yake kwenye mizani ili namba yake ya simu isambazwe kwa mafundi asiowajua. Tunga mistari mitano au kumi yenye majina ya kubuni, lakini utunze umbo la data halisi. Kama kuna safu zenye NULL (alama ya kuwa hakuna thamani), weka NULL. Kama baadhi ya majina yana nafasi tupu mwishoni au namba nyingine za simu zinaanza na 0 na nyingine na 255, acha dosari hizo zionekane, kwa kuwa huenda ndizo chanzo cha tatizo.

Mwisho, eleza matokeo uliyotarajia na matokeo uliyoyapata. Sentensi isemayo «ripoti haitoki vizuri» haimwambii mwenzako chochote. Sentensi isemayo «mkulima huyu alileta kilo 300 lakini ripoti inaonyesha kilo 600» karibu inalitatua tatizo yenyewe.

Mfano mmoja kwa karibu

Nautumia mfano huo wa kilo 600 kwa sababu ni kosa linalorudi mara kwa mara katika mifumo ya ushirika, na kwa sababu halitoi ujumbe wowote wa kosa. Chama kina jedwali la wakulima, jedwali la mapokezi linaloandika kila mzigo uliopimwa, na jedwali la malipo linaloandika malipo ya awali na ya pili. Fundi anataka ripoti moja yenye jumla ya kilo na jumla ya fedha, naye anaandika hivi (JOIN huunganisha majedwali, SUM hujumlisha, na GROUP BY huweka pamoja mistari ya kila mkulima):

SELECT w.jina, SUM(m.kilo), SUM(l.kiasi)
FROM wakulima w
JOIN mapokezi m ON m.mkulima_id = w.id
JOIN malipo l ON l.mkulima_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina;

Tuseme mkulima mmoja alileta mizigo mitatu ya kilo 120, 80 na 100, akalipwa mara mbili, shilingi 400,000 na shilingi 200,000. Kwiri hii inaunganisha kila mzigo na kila malipo, kwa hiyo mistari inakuwa sita badala ya mitano iliyoandikwa kwenye majedwali hayo mawili. Kila mzigo unahesabiwa mara mbili, na jumla ya kilo inakuwa 600. Kila malipo yanahesabiwa mara tatu, na jumla ya fedha inakuwa shilingi 1,800,000 wakati mkulima alipokea 600,000. Mkulima aliyeleta mzigo mmoja na kulipwa mara moja anaonekana sawasawa, ndiyo maana fundi akikagua mistari miwili ya juu anaweza kuridhika na ripoti mbovu.

Dawa ni kujumlisha kilo za kila mkulima kwanza katika kwiri ndogo, kujumlisha malipo yake katika kwiri ndogo ya pili, kisha kuyaunganisha majumlisho hayo na jedwali la wakulima. Tumia LEFT JOIN, inayobakiza kila mstari wa jedwali la kwanza hata usipopata mwenzake, ili mkulima aliyeleta kahawa lakini hajalipwa asipotee kwenye ripoti, maana huyo ndiye ambaye ofisi inapaswa kumwona kwanza. Uwe mwangalifu na kitu kimoja: sharti la jedwali la malipo likiwekwa kwenye WHERE badala ya kwenye ON, wale wasiolipwa wataondolewa tena na LEFT JOIN itakuwa haina kazi.

Anayesaidia asitume kwiri iliyosahihishwa peke yake. Amwonyeshe mwenzake ile mistari sita kabla ya kujumlishwa, kwa kuondoa SUM na GROUP BY. Fundi aliyeiona mistari ile kwa macho yake atalitambua kosa hilo popote litakapojitokeza tena, iwe kwenye ada za shule au kwenye mikopo ya SACCOS.

Kwiri inayochelewa

Kwa kwiri nzito, mwombaji aweke neno EXPLAIN mbele ya kwiri yake na atume matokeo pamoja na idadi ya mistari katika kila jedwali. Safu ya type ikionyesha ALL, kanzidata inasoma jedwali zima, na safu ya key ikiwa NULL, hakuna faharasa (index, orodha inayoharakisha utafutaji) inayotumika. Mara nyingi faharasa ipo lakini sharti limeandikwa kwa namna inayoizuia. Sharti la YEAR(tarehe) = 2023 linailazimisha MySQL kukokotoa mwaka wa kila mstari, wakati sharti lifuatalo linairuhusu kwenda moja kwa moja kwenye faharasa ya tarehe:

WHERE tarehe >= '2023-01-01' AND tarehe < '2024-01-01'

Umbo hilo lina faida nyingine. Anayetumia BETWEEN na kuishia '2023-12-31' kwenye safu yenye tarehe na saa hupoteza karibu kila kilichoandikwa siku ya mwisho, kwa sababu tarehe isiyo na saa huhesabiwa kuwa ni saa sita usiku inayoianza siku hiyo.

Mfumo mkongwe una historia ya mahali

Hapa fundi wa nyanda za juu ana ujuzi ambao msaidizi wa mbali hana. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mfumo ulioanza kutumika kabla ya miaka hiyo una wakulima wa Mbozi walioandikwa chini ya Mbeya na wakulima wa Ludewa walioandikwa chini ya Iringa. Ripoti ya mavuno kwa mkoa itaonyesha Mbeya ikiporomoka ghafla na Songwe ikichomoza kutoka sifuri, na mtu asiyeijua historia hiyo atatafuta hitilafu kwenye kwiri ambayo haina kosa lolote.

Kishawishi cha kwanza ni kuandika UPDATE moja inayobadilisha Mbeya kuwa Songwe kwa kumbukumbu zote za Mbozi. Nashauri usifanye hivyo, kwa kuwa stakabadhi na taarifa zilizotolewa mwaka 2014 zilisema Mbeya na zinapaswa kuendelea kulingana na kanzidata. Tengeneza jedwali dogo linaloonyesha kila wilaya ilikuwa mkoa gani, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, kisha ripoti ichague kama inataka mipaka ya wakati ule au mipaka ya sasa. Unapoomba msaada wa ripoti ya namna hii, ieleze historia hiyo mwanzoni kabisa.

Historia nyingine imo kichwani mwa aliyeuandika mfumo. Ukikuta safu iitwayo hali yenye thamani 1, 2, 3 na 9, usikisie maana ya 9. Mtafute mwenyewe ikiwa bado anapatikana. Mpigie simu wakati wa mapumziko yake, mwamkie kama inavyostahili, «Shikamoo mzee», jitambulishe, umweleze kuwa mfumo wake bado unafanya kazi, jambo ambalo wengi hufurahi kulisikia. Kisha uliza alikuwa anakabili hali gani alipoiweka safu hiyo. Usimuulize kwa nini alikosea. Mengi yanayoonekana leo kuwa upuuzi yalikuwa suluhisho la mashine zenye uwezo mdogo, umeme wa kukatikakatika au agizo la ofisi, na mtu anayeulizwa kwa heshima hukumbuka mengi zaidi. Yaandike majibu yake siku hiyo hiyo.

Kabla ya kugusa data halisi

Chukua nakala rudufu kwa mysqldump, programu ya MySQL ya kazi hiyo, kisha irejeshe kwenye kompyuta nyingine ili uhakikishe kuwa inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa isihesabiwe kuwa nakala. Andika SELECT yenye WHERE ile ile utakayoitumia kwenye UPDATE, hesabu mistari, na usiendelee mpaka idadi ilingane na matarajio yako.

Wengi hutegemea START TRANSACTION (huanza kundi la mabadiliko) na ROLLBACK (huyatengua) kama kinga, na ni kinga nzuri, lakini angalia kwanza aina ya jedwali kwa SHOW TABLE STATUS. InnoDB imekuwa aina ya kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, hivyo majedwali ya mifumo ya kabla ya hapo mara nyingi ni MyISAM, na hubaki hivyo hata seva ikihamishiwa toleo jipya. Katika MyISAM, ROLLBACK hairudishi chochote. Majedwali hayo pia huharibika kwa urahisi umeme unapokatika katikati ya kuandika, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuyahamishia InnoDB kwenye ofisi isiyo na betri ya akiba.

Kuhamia toleo jipya kuna mitego yake, na anayesaidia afanye vyema kuitaja kabla haijauma. Kuanzia MySQL 5.7, kwa mpangilio wa kawaida, kwiri zinazochagua safu isiyotajwa kwenye GROUP BY wala kujumlishwa hukataliwa, na tarehe za '0000-00-00' hukataliwa zinapoingizwa. Katika 8.0, GROUP BY haipangi tena matokeo yenyewe, kwa hiyo orodha iliyokuwa ikitoka kwa mpangilio wa alfabeti itahitaji ORDER BY. Aidha, maneno kama rank yamekuwa ya kanzidata yenyewe na hayafai tena kuwa majina ya safu bila alama maalumu. Walioyaita majedwali yao kwa Kiswahili wameepuka tatizo hili la mwisho, na ni desturi ninayoipenda pia kwa sababu mhasibu anaweza kuusoma muundo bila mkalimani. Kwa upande wa PHP, lugha ambayo mifumo mingi ya namna hii imeandikwa kwayo, toleo la 7.0 la Desemba 2015 liliondoa kabisa amri za kundi la mysql_, na msimbo unaozitumia ni lazima uandikwe upya kwa mysqli au PDO, njia mpya za PHP za kuwasiliana na kanzidata.

Mpaka wa msaada

Anayesaidia asipokee nywila ya seva ya chama wala asiingie kwenye mfumo unaotumika, hata akiombwa na rafiki. Atoe kwiri, aeleze sababu, na aliye ofisini aijaribu mwenyewe kwenye nakala. Tatizo likitatuliwa, mwombaji aandike maelezo mafupi ndani ya msimbo, juu ya kwiri husika: tarehe, tatizo lilikuwa nini, nani alisaidia, na kwa nini kwiri imeandikwa hivyo. Arudishe pia taarifa kwa aliyemsaidia kuwa imefanya kazi au haikufanya.

Swali la kwiri moja hujibiwa kwa undugu. Kuhamisha mfumo mzima kutoka Access (programu ya kanzidata ya Microsoft) au toleo la zamani la MySQL ni kazi ya wiki nyingi, na mazungumzo yakifika huko, mwombaji amwambie mwenzake waziwazi kuwa sasa ni kazi ya malipo, ampeleke kwa meneja, na wakubaliane kwa maandishi juu ya kiasi, muda, na nani atahifadhi nakala rudufu hadi mfumo mpya utakapopitia msimu mmoja kamili wa mavuno na malipo.